Ofisi ya ajira ya chuo chako: jinsi ya kuitumia mpaka ikufae, kwa mlioko Arusha na Moshi (na mliomaliza zamani pia)

Wanafunzi wengi huku kwetu wanaijua ofisi ya ajira ya chuo kwa kitu kimoja tu, barua ya fildi (mafunzo kwa vitendo). Unaenda, unapigiwa muhuri, unasepa. Halafu mtu anamaliza, anakaa home Sakina au Majengo mwaka mzima anatuma CV kwenye imeili za makampuni ambayo hata hajui kama yana nafasi, na muda huo huo pale chuoni kuna faili lina sehemu zote walizoenda fildi wenzake wa miaka ya nyuma, nani aliwapokea, na yupi aliishia kubakizwa kazini. Hilo faili ndo mali. Mengine yote ya ile ofisi, sijui semina ya CV, sijui siku ya waajiri, ni mazuri lakini mengi utayapata hata mtandaoni bure. Hilo faili huwezi kuligugo.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka hapo: jinsi ya kuwafikia watu ambao chuo chako tayari kinawajua, kwa mpangilio, bila kumsumbua mtu.

Hatua ya 1: ijue ofisi yenyewe, na mjue mtu

Jina linatofautiana. Kuna vyuo ina bango kabisa la kitengo cha ushauri wa kazi, kwingine iko chini ya mshauri wa wanafunzi, kwingine kazi yote anaifanya mratibu wa fildi wa idara ambaye pia anafundisha vipindi kibao. Na ofisi ya wahitimu mara nyingi ni mlango mwingine kabisa. Uwe Uhasibu Njiro, Ufundi Arusha, Makumira kule Usa River, Ushirika Moshi, Mwenge, Mweka, popote, cha kwanza uliza swali moja tu kwa karani wa idara yako: "nani anatunza orodha ya sehemu za fildi, na nani anatunza mawasiliano ya waliomaliza?" Ukipata majina hayo mawili umemaliza hatua hii.

Nenda mwaka wa kwanza, asee. Najua mwaka wa kwanza mtu anawaza boom (hela ya kujikimu ya mkopo) na hosteli, lakini ndo wakati ofisi haina foleni na ukiingia unakumbukwa. Mwaka wa mwisho kila mtu anakimbilia pale kwa pamoja na mhusika hana muda wa kukukalisha chini. Chagua katikati ya semista, sio wiki ya usajili wala ya mitihani. Na usiende na "naomba ushauri kuhusu kazi", hilo halijibiki, nenda na kitu kinachoshikika: "nasoma ugavi, nataka kujua wa mwaka jana walienda fildi wapi hapa mjini na barua zilipelekwa lini".

Hatua ya 2: fildi ichukulie kama intavyuu ndefu

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye utajiri.

Mazoea ni kwamba mtu anachagua fildi karibu na nyumbani ili apunguze nauli, au anaenda ofisi ambayo mjomba yupo na anapewa alama nzuri bila kufanya kitu. Sikatai, hela ya kujikimu ni ishu. Ila kama una uwezo wa kuchagua, chagua sehemu ambayo wenzako wa nyuma walipewa kazi za kweli, na hilo ndo swali la kumuuliza mratibu: "wanafunzi wa pale walikuwa wanafanya nini kila siku?" Kama jibu ni kupiga fotokopi na kutumwa chai, ruka.

Huku kwetu sehemu zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Arusha kila mtu anawaza makampuni ya utalii, TANAPA (hifadhi za taifa) na Ngorongoro, sawa, lakini kuna pia AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ambazo mtu wa sheria, IT au utawala anaweza kuangalia nafasi zao kwenye tovuti zao wenyewe, kuna taasisi za utafiti wa kilimo pale Tengeru na Selian. Moshi kuna hospitali ya KCMC, kuna TPC kwenye miwa, kuna Bodi ya Kahawa, kuna TaCRI (utafiti wa kahawa) kule Lyamungu, na usidharau SACCOS na vyama vya ushirika, mtu wa uhasibu akikaa SACCOS ndogo yenye wafanyakazi wanne atashika vitabu vyote, wakati kwenye shirika kubwa atashika faili moja tu mpaka fildi iishe.

Peleka barua mapema, miezi mitatu kabla sio mingi. Peleka mwenyewe kwa mkono pale inapowezekana, chukua jina la aliyepokea, piga simu baada ya wiki mbili. Ukishaingia, fungua daftari na kila jioni andika mistari mitatu: nimefanya nini, kwa kutumia nini, ni kiasi gani. Lile logibuku la chuo watu wanalijaza siku ya mwisho wote kwa kalamu moja na linaonekana, hili lingine ni la kwako mwenyewe na ndo CV yako inatoka humo.

Na kabla hujaondoka fanya mambo mawili. Omba barua yenye kichwa cha ofisi, sahihi na muhuri inayosema ulikuwepo tarehe gani mpaka gani na ulifanya kazi zipi. Halafu muulize msimamizi wako uso kwa uso kama anakubali umuweke kuwa mdhamini kwenye CV. Watu wanaweka tu majina, siku mwajiri anapiga simu mtu anauliza "huyo ni nani?" na kazi imeishia hapo.

Hatua ya 3: CV, tuikarabati kwa macho

Kuna dada mmoja wa diploma ya uhasibu alikuja na CV ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza dini, hali ya ndoa, mpaka shule ya chekechea. Halafu kile kifungu ambacho kila Mtanzania anacho, mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya presha. Uzoefu wa kazi: hakuna. Hobi: kusoma, muvi, kusafiri.

Akaulizwa likizo huwa anafanya nini. "Sina kazi, namsaidia tu mama mdogo dukani Kilombero." Kumsaidia nini? "Kuuza... na kuandika." Kuandika nini? Hapo ndo ikatoka kwamba yeye ndo anashika kaunta buku la mauzo, Jumapili anahesabu mzigo uliobaki, na jioni kabla ya kufunga anapiga hesabu ya hela ya droo na ya kwenye simu zikae sawa. Sasa hiyo kwa mtu anayetafuta mhasibu msaidizi ni dhahabu, na yeye alikuwa anaiita kusaidia tu. Ikaandikwa hivi:

Duka la vyakula, soko la Kilombero, likizo zote tangu mwaka wa kwanza. Kutunza daftari la mauzo ya kila siku. Kuhesabu stoku kila wiki na kulinganisha na daftari. Kulinganisha miamala ya simu na pesa taslimu kabla ya kufunga.

Mistari mifupi, hakuna chumvi. Hobi zikafutwa, chekechea ikafutwa, kurasa zikawa mbili. Kwa hiyo ukienda ofisi ya ajira usiombe templeti, templeti ziko kibao, omba mtu akae na wewe dakika ishirini akuulize maswali ya aina hiyo. Kama ofisi haina mtu, tumia mwenzako ambaye hajui unachosoma, mwambie kila unapojibu akuulize "kufanya nini?" mpaka ukome.

Imeili yako iwe na majina yako, sio prettygirl wala donchuga. CV tuma PDF, na faili lenyewe liite kwa jina lako, maana mtu wa rasilimali watu anapokea mafaili sitini yote yanaitwa "CV mpya ya mwisho".

Hatua ya 4: nyaraka na Ajira Portal, anza ukiwa bado chuo

Nafasi nyingi za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi yake ni kwenye tovuti yao ya Ajira Portal tu, ni bure. Tatizo la wengi sio kukosa sifa, ni nyaraka. Tangazo linatoka lina siku chache, wewe ndo kwanza unakimbizana na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa).

Vitu vya kuwa navyo tayari: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita vyenyewe (matangazo yao huwa yanasema wazi kwamba hati za matokeo na testimonio hazikubaliki), cheti na transkripti ya chuo, CV yenye wadhamini watatu wenye namba zinazopatikana, na barua ya maombi. Barua isainiwe. Watu wanaangushwa na sahihi tu. Uliyesoma nje cheti chako kihakikiwe kwanza na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (sekondari) kutegemea ni cha ngazi gani.

Majina! Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Elia Mushi na cha fomu foo kinasema Neema E. Moshi, hilo lishughulikie sasa hivi, usisubiri uitwe. Muulize msajili wa chuo na wakili ni njia gani inafaa kwa tofauti yako, wakati mwingine ni kiapo, wakati mwingine ni kurekebisha kwenye chanzo, na kurekebisha kwenye chanzo kunachukua muda kweli.

Ukiitwa usaili kwa kawaida kuna mchujo wa kuandika, kwa baadhi ya kada kuna wa vitendo, halafu mahojiano. Anayefaulu lakini nafasi zikawa zimejaa anawekwa kwenye kanzidata kwa muda, kwa hiyo usikate tamaa hapo na usibadilishe namba ya simu.

Pembeni ya hiyo kuna TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, wao wanasajili watafuta kazi na kuwaunganisha wahitimu na programu ya uzoefu wa kazi. Jisajili huko pia, haigongani na Ajira Portal. Na kama fani yako ina bodi anza nayo mapema: wahandisi ERB wana mpango wao wa SEAP wa miaka mitatu ya kujifunzia kazini, wahasibu NBAA, ugavi PSPTB, manesi baraza lao. Kuna matangazo huwezi hata kuomba bila usajili.

Hatua ya 5: kazi za binafsi huku zina msimu

Hii watu wa Dar hawaielewi lakini wewe wa kaskazini huna kisingizio. Utalii unapanda Juni mpaka Oktoba, unapanda tena Desemba mpaka Februari, na Aprili hadi Mei mvua ikikolea kuna kambi zinafungwa kabisa. Sasa mtu anapeleka CV Julai, ofisi nzima inakimbizana na wageni uwanja wa ndege wa KIA, nani ataisoma? Peleka Machi na Aprili, wakati mameneja wamekaa mezani wanapanga watu wa msimu. Na haya hayawahusu maguide peke yao, kuna wahasibu, watu wa oda, wa stoo, wa magari, wa mitandao, wote wanaongezwa msimu ukikaribia. Ukiwa na Kifaransa, Kijerumani au Kihispania cha kuongea kabisa, kiweke juu kwenye CV, sio chini kule karibu na wadhamini.

Na hapa sasa ndo unatumia lile faili la wahitimu. Omba ofisi ikuunganishe na mtu mmoja au wawili waliomaliza kozi yako na wanafanya kazi unayoitaka. Wasikupe namba hivi hivi, wampigie kwanza wamuulize, hiyo ndo heshima na pia ni faragha ya mtu. Akikubali, mtumie meseji kama hii:

"Shikamoo kaka. Naitwa Neema, niko mwaka wa pili uhasibu hapo chuoni ulipomaliza. Namba yako nimepewa na ofisi ya wahitimu. Naomba kukuuliza mambo mawili kuhusu kazi za uhasibu kwenye kampuni za utalii, siombi kazi. Ukiwa na dakika kumi wiki hii niambie muda, nitapiga mimi."

Ile "nitapiga mimi" ni ndogo ila inaonyesha umekua. Na maswali yawe mawili kweli: uliingiaje, na ukimwajiri mtu kama mimi leo ungeangalia nini. Usiunganishe CV. Akiitaka ataiomba, na wengi huwa wanaiomba wenyewe.

Matapeli: ukiambiwa utoe hela ya fomu, ya mafunzo, ya sare, ya "kufungua faili", hiyo sio kazi. Wanatumia majina ya hoteli kubwa na mashirika, wanakutumia barua ina nembo kabisa, wanataka elfu thelathini kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla hujatuma chochote ipeleke ile barua kwenye ofisi ya ajira, mara nyingi wao wana simu ya kampuni yenyewe na wanapiga hapo hapo.

Hatua ya 6: intavyuu ya majaribio

Omba ufanyiwe moja kabla ya ile ya kweli, mlango ufungwe, uvae vile utakavyovaa. Lugha ndo inaangusha wengi, mtu anajua kazi vizuri lakini kwa Kiingereza anaganda. Dawa ni kuongea kwa sauti, sio kusoma majibu kichwani. Andaa visa vitatu vya kweli kutoka kwenye lile daftari la fildi, kimoja cha tatizo ulilolitatua, kimoja cha kufanya kazi na mtu mgumu, kimoja cha kitu ulichojifunza haraka, maswali mengi yanaangukia humo. Na wakikuuliza mshahara usiseme "wowote tu".

Hatua ya 7: umepata ofa, piga hesabu kabla ya kushangilia

Tuseme umeambiwa laki sita kwa mwezi. Mchango wako wa NSSF (hifadhi ya jamii) ni asilimia 10, inatoka elfu 60, inabaki 540,000. Kodi inapigwa kwenye hiyo: 270,000 ya kwanza haina kodi, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ambayo ni 20,000, na ile 20,000 inayozidi ni asilimia 20, yaani 4,000. Jumla kodi 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) inakatwa asilimia 15 ya mshahara, 90,000. Mkononi unabaki na 426,000. Sasa toa chumba Njiro na daladala kila siku ndo uamue. Sisemi ukatae, kazi ya kwanza ina thamani yake, ila usikope kwa kutegemea laki sita ambayo hutaiona.

Dai mkataba wa maandishi unaoonyesha cheo, mshahara, saa za kazi, mahali na muda. Soma kipindi cha matazamio ni miezi mingapi. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 mtu mwenye chini ya miezi sita kazini hana ulinzi ule ule wa kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo miezi hiyo nenda nayo kwa akili. Usipoelewa kifungu, mpelekee mtu wa ofisi ya ajira au mwalimu wa sheria wa chuo, hawatakula hela yako.

Mliomaliza zamani

Wengi mnaona aibu kurudi, eti umemaliza 2019 utaenda kusema nini. Nenda. Vyuo vingi havikufungii mlango, ila andaa mambo: namba yako ya usajili ya zamani, nakala ya cheti, kitambulisho, na swali lako moja. Unachoweza kuomba ni barua ya utambulisho, kuunganishwa na wahitimu wa sekta unayotaka kuhamia, kukaguliwa CV, na kualikwa siku waajiri wanapokuja chuoni. Transkripti nyingine ni kwa msajili na ina ada yake na siku zake, usiende asubuhi ukitegemea uondoke nayo mchana.

Kama umekaa muda bila kazi usilifiche pengo kwenye CV. Bodaboda, kilimo, kufundisha tuisheni, kusimamia duka la familia, vyote vinaandikika kwa mtindo ule ule wa dada wa Kilombero. Na kama umeshaamua kujiajiri, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo anza kutafuta wenzako wa kueleweka kabla ya kutafuta fomu.

Wewe uliyeko kazini tayari, update namba yako pale ofisi ya wahitimu, inachukua dakika mbili. Nafasi ikitoka ofisini kwenu watumie tangazo lenyewe, zima, lenye tarehe ya mwisho na imeili ya kutuma, sio skrinishoti iliyokatwa nusu ambayo imeshazunguka magrupu ya WhatsApp mpaka tarehe imepita. Na useme wazi kama unaweza kupokea simu za wanafunzi au la, na siku gani. Jumamosi asubuhi inatosha kabisa.